Ngala na nyumba zisizo na kura

Mpwa wangu ametangaza nia. Mwaka 2027 anataka uwakilishi wadi, na kwa kuwa mimi nilizunguka na mgombea mmoja katika uchaguzi wa 2022, amenijia nyumbani na daftari mkononi. Anataka nimwandikie orodha ya nyumba za wadi yetu, ipi ina kura ngapi na ipi haina. Zisizo na kura zirukwe, asema, maana siku ni chache na mafuta ni ghali. Nikamwambia nipe wiki moja nitakujibu. Makala hii ndiyo jibu lenyewe, na naomba mnivumilie ndugu zangu wa Pwani, kwa sababu jibu langu linapitia kwa marehemu Ronald Ngala.

Kwanza niseme niliyoyaona 2022, ili asije mtu akadhani nazungumza ya kuhadithiwa. Siku ya mgombea wa wadi huanza saa kumi na mbili kwenye mkahawa wa mahamri na mbaazi. Mgombea analipia meza zote, yeye mwenyewe hali, kwa sababu nyumba tatu mbele atakaribishwa chai na kukataa ni kumvunjia mtu heshima. Saa tatu mko mazikoni. Miezi ile sikukosa maziko hata moja; nimewazika watu ambao sikuwahi kuwajua walipokuwa hai, na nimeitikia dua mpaka koo likakauka. Mchana ni kituo cha bodaboda, soko, na ofisi ya chifu. Alasiri ni akina mama na chama chao, wamekaa mviringo na leso za sare, na hao ndio watu pekee katika siku nzima watakaokuuliza jambo la maana: zahanati, maji, karo. Jioni mko maskani. Hapo vijana hawakuulizi sera, wanakuuliza umebeba nini. Usiku kuna harusi, na baada ya harusi, saa sita hivi, kikao cha hesabu: zile mia mbili mia mbili zimekwendea wapi, na nani amezila njiani.

Basi katika mizunguko ile ipo nyumba moja ya makuti, imejitenga kidogo na barabara, chini ya mwembe. Wakala wetu aliyeshika orodha alitikisa kichwa. Nyumba ile haina kura. Bibi mwenye nyumba kitambulisho chake kilipotea zamani, na wajukuu wake wawili, vijana wa miaka ishirini na kitu, walikuwa bado wanazungushwa kutafuta vyao. Bibi alikuwa ameshatuona. Alikuwa ameutoa mkeka ndani na kuutandika barazani. Tukapita. Tulikuwa watu kumi na wawili na hakuna hata mmoja aliyekata kona kwenda kumwamkia.

Mkeka ule ulinikaa moyoni, na siku nyingi baadaye ulinifanya nimfikirie Ngala.

Ronald Gideon Ngala alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 huko Giriamani, upande wa Kaloleni. Alisoma shule ya misheni ya St. John's, Kaloleni, kisha Alliance, kisha Makerere alikochukua ualimu. Alifundisha Kaloleni, akafundisha Mbale kule Taita, akaja Mombasa kuwa mwalimu mkuu wa Buxton, na baadaye akawa msimamizi wa shule. Mwaka 1949 Eagle Press walichapisha kitabu chake, Nchi na Desturi za Wagiriama. Alikiandika kwa Kiswahili. Nakitaja kwa sababu sisi watu wa mji tuna tabia ya kudhani kwamba mtu wa bara ya Kilifi akishika kalamu ya Kiswahili anatuazima. Mwalimu huyu alikuwa ameshaandika habari za watu wake kwa lugha ambayo Pwani nzima ingeisoma, miaka minane kabla hajamwomba mtu yeyote kura.

Ilipofika 1957, serikali ya kikoloni iliruhusu kwa mara ya kwanza Waafrika wachague wenyewe wajumbe wa kwenda Baraza la Kutunga Sheria Nairobi. Kabla ya hapo walikuwa wakiteuliwa. Viti vilikuwa vinane kwa nchi nzima, na Pwani tulipata kimoja. Kimoja! Leo Pwani ina kaunti sita, kila moja na gavana wake na seneta wake, wabunge kwa makumi, na wawakilishi wadi ambao sitajaribu kuwahesabu. Mgombea wa 1957 jimbo lake lilianzia Vanga likaishia Kiunga, na kutoka baharini likapanda hadi Taveta.

Hebu msomaji ichukue ramani hiyo uitembee kama mgombea. Ukitoka kisiwani Mombasa kwenda kaskazini unavuka Nyali kwa daraja la kuelea. Unafika Mtwapa, kuna mkono wa bahari wa kuvuka. Unafika Kilifi, unangoja feri; daraja la Kilifi tunalopita leo bila kupunguza mwendo lilifunguliwa 1991. Malindi, kisha Garsen, na hapo kuna Mto Tana wa kuvuka. Ukitaka Lamu unaacha gari Mokowe unapanda mashua. Ukienda kusini kuna feri ya Likoni. Ukienda Taita unapanda gari moshi hadi Voi, halafu unatafuta lori la kukupandisha milimani, na likikosekana una miguu. Uchaguzi ulikuwa mwezi Machi, mwisho wa kaskazi, joto la kutoa watu nje kulala ukumbini. Kwa Waislamu ulikuwa mwezi wa Mlisho, Ramadhani inabisha hodi. Kila kivuko kilikuwa mahali pa kungoja, na mgombea anayengoja pamoja na wachuuzi wa samaki na mama wenye vikapu vya machungwa hawezi kuinua kioo cha gari. Siku hizi tunafanya kampeni kwa msafara wa magari ishirini, muziki juu ya lori, na vumbi letu ndilo linalowasalimia watu.

Chama hakuwa nacho. Nchi ilikuwa katika hali ya hatari tangu Oktoba 1952, vyama vya siasa vya Waafrika vya nchi nzima vilipigwa marufuku, na kilichoruhusiwa tangu 1955 ni vyama vya wilaya tu, kama Mombasa African Democratic Union ya mjini kwetu. Mkutano wa hadhara ulihitaji kibali cha serikali. Kwa hivyo mgombea alibaki na jina lake, na watu waliomjua kabla hajawa mgombea.

Hapo ndipo ualimu wa Ngala ulipomfaa kuliko mali. Msimamizi wa shule kazi yake ni njia. Leo yuko shule hii, kesho ile, anajua mwalimu gani amehamishwa, mzazi gani amekwama karo, mvua ikinyesha ni njia ipi haipitiki. Taita hakwenda kama mgeni, maana alikuwa amekwisha kufundisha watoto wa huko. Mombasa alijulikana kwa Buxton. Giriamani ni kwao. Watu husema alikuwa na bahati. Mimi naona kampeni yake ilikuwa imeshaanza zamani, pasipo mtu kuiita kampeni.

Lakini liko jambo la pili, na ndilo nililokuwa nikilitafutia njia. Kura za 1957 hazikuwa za kila mtu. Ili uandikishwe ilikubidi utimize sharti mojawapo: elimu ya kiwango fulani, au kipato cha pauni 120 kwa mwaka, au mali ya pauni 500, au utumishi wa muda mrefu serikalini au jeshini, na mengine ya namna hiyo. Na aliyetimiza zaidi ya sharti moja alipewa kura zaidi ya moja, hadi tatu. Nchi nzima yenye mamilioni ya Waafrika iliandikisha wapiga kura kama laki moja na ushei.

Niruhusuni niwapeleke nyumbani kwetu. Mimi kwa mama ni mtoto wa mji, Kibokoni. Kwa baba ni mtu wa Kaloleni. Ami yangu mkubwa alikuwa mwalimu. Mwaka ule wa 1957 alihesabiwa kura moja kwa elimu yake, ya pili kwa mshahara wake, ya tatu kwa utumishi wake. Babu, yaani baba yake mzazi, alikuwa mgema. Alipanda minazi asubuhi na jioni, alizaa watoto tisa, mabishano ya mipaka ya mashamba kijiji kizima yaliletwa kwake, na kura hakuwa na hata moja. Nyumba moja, mlango mmoja, mtoto ana kura tatu na baba hana. Upande wa pili, Kibokoni, babu mzaa mama hakuwamo kabisa katika daftari hilo. Kura zilitengwa kwa rangi: Wazungu na wao, Wahindi na wao, Waarabu na wao, Waafrika na wao. Wazee wengi wa Thenashara Taifa walikuwa wamehangaika miaka mingi wasiandikwe kundi la wenyeji, na babu huyo alikuwa katika daftari la Waarabu. Kwa hivyo Ngala angepita mbele ya baraza la Kibokoni mara mia na asipate kitu pale ila salamu.

Sasa niambieni, mgombea mwenye akili ya daftari, kama mpwa wangu, angefanya nini na ukoo wangu? Angemtafuta ami, amnong'oneze, aende zake. Hesabu ingekuwa imetimia. Mwalimu mmoja ni wagema wasiohesabika. Mfumo wenyewe ulitengenezwa hivyo makusudi, umfundishe mwanasiasa wa Kiafrika kuzungumza na wachache waliosoma na kuwapita waliobaki.

Nao walimu ndio waliomwinua, sitaki kudanganya. Ami na wenzake waligawana njia kwa baiskeli, shule hadi shule. Ila ami alikuwa akisimulia kitu kimoja ambacho nilikisikia tangu utotoni bila kukielewa. Alisema kura tatu zile zilikuwa mzigo. Alipokuwa akirudi jioni na kukaa na babu, babu alikuwa akimuuliza huyo anayekwenda Nairobi atakwenda kusema nini, na ami akawa anajibu kama mtu anayedaiwa. Kwa sababu alijua moja katika zile kura, kwa haki, ilikuwa ya mzee. Mwishowe ikawa kila baada ya magharibi wazee wasio na kura wanajazana uani kwa babu kumwambia ami mambo ya kupeleka: mashamba waliyolima tangu kuzaliwa na kumbe kwenye karatasi yana mwenyewe, kodi, shule moja kwa vijiji vitano. Wenye kura walikuwa wajumbe wa wasio na kura. Hakuna sheria iliyoandika hivyo. Uani ndiko kulikoamua.

Ngala alishinda. Walioshinda pamoja naye ni majina ambayo kila mtoto wa shule anayajua: Mboya wa Nairobi, Odinga, Oguda na Muliro kutoka Nyanza, Moi wa Bonde la Ufa, Mate wa Kati, Muimi wa Ukambani. Katika wajumbe wa zamani wa kuteuliwa waliojaribu kurudi kwa kura, Moi peke yake ndiye aliyerudi. Hilo nalo lina somo kwa waliozoea kukalia viti vya kupewa, lakini si habari ya leo.

Wanane wale walikataa kushika uwaziri, wakadai viti zaidi, na mwaka uliofuata viti vya Waafrika vikaongezwa vikawa kumi na vinne. Miaka ile ilikwenda mbio. Kwenye mkutano wa Lancaster House, London, mwanzoni mwa 1960, Ngala ndiye aliyekuwa kiongozi wa ujumbe wa Waafrika na Mboya akiwa katibu. Mwezi Juni mwaka huo ikazaliwa KADU, Ngala rais wake, Muliro msaidizi wake, kuwakusanya wale waliohofia kwamba uhuru ukija utakuwa wa makabila makubwa mawili. Uchaguzi wa 1961 KANU ilishinda viti vingi zaidi, lakini ikakataa kuunda serikali Kenyatta akiwa bado kizuizini. Ngala akakubali kuiunda. Kwa hilo ametukanwa mpaka leo, anaitwa kibaraka wa gavana. Watukanao husahau kwamba Kenyatta alitoka Agosti 1961, wakati serikali ile ya Ngala ikiwa madarakani.

Na katika miaka hiyohiyo nyumba yetu ilipasuka. Babu wa Kibokoni alikuwa mtu wa Mwambao. Alitaka ukanda huu wa pwani, wa maili kumi, uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar kwa mkataba, usimezwe na Kenya. Ngala alipinga. Kwake Pwani ilikuwa moja, Kaloleni na Kibokoni, Wundanyi na Lamu, na kinga yake ingekuwa majimbo: Pwani iwe na bunge lake, na neno lake juu ya ardhi na kazi. Babu zangu wawili waliacha kutembeleana karibu mwaka mzima. Mama alikuwa akipeleka vyakula vya Idi Kaloleni peke yake, akirudishiwa kuku. Mwezi Oktoba 1963 Sultani akauachilia ukanda, mahakama za kadhi zikahifadhiwa, na mambo yakaishia hapo. Hasira haikuisha, na wako wasomaji wangu ambao mpaka sasa wakisikia jina la Ngala hukunja uso. Sina haja ya kuwakunjua. Mimi mwenyewe nimekula pande zote mbili za ugomvi ule.

Mwezi Mei 1963 ulifanyika uchaguzi wa kila mtu mzima, bila ya masharti ya pauni wala vyeti. Babu mgema akapiga kura yake ya kwanza. Umri wake ulikuwa sitini au zaidi. Alioga, akavaa kikoi kipya, akatembea na bakora yake, na ami mwenye kura tatu siku hiyo alikuwa na moja tu kama baba yake. Ami alisema hakuna siku aliyowahi kujisikia mwepesi kama ile. Babu aliipigia KADU. KADU ilishindwa kitaifa lakini Pwani ikashika, na Ngala akawa rais wa Jimbo la Pwani, na huko Nairobi kiongozi wa upinzani.

Serikali mpya haikuyataka majimbo. Madaraka na fedha vilivyoandikwa kwenye katiba havikufika. Wabunge wa KADU wakaanza kuvuka mmoja mmoja kwenda upande wa pili. Na tarehe 10 Novemba 1964 Ngala alisimama bungeni akatangaza kwamba KADU imevunjwa, yeye na waliobaki wanajiunga na serikali. Mwezi mmoja baadaye Kenya ikawa jamhuri, na majimbo yakawa yamekwisha.

Hesabuni. Mei 1963 hadi Novemba 1964 ni miezi kumi na minane. Kura ya kwanza ya babu yangu iliishi miezi kumi na minane.

Wengi wameshaandika kama alifanya vyema au vibaya. Naona hakuwa na mengi mkononi. Nchi changa, chama kinamomonyoka, Pwani ingebaki peke yake nje ya mlango wa serikali inayogawa shule na barabara. Pengine mimi pia ningevuka. Lakini nina la kusema juu ya jinsi habari ile ilivyofika kijijini. Ilifika kwa redio. Ami aliisikia dukani akinunua mafuta ya taa, na akabeba kibuyu chake kurudi nyumbani akijua kwamba yeye ndiye atakayemwambia babu. Babu hakukasirika kwamba chama kimevunjwa. Alishaona mitumbwi mingi ikivunjwa na mbao zake zikajenga mingine. Alichouliza, na alikiuliza tena na tena mpaka tukakizoea, ni wapi wale vijana wa baiskeli waliokuja kumtaka kura wakakaa uani mwake wakala wali. Mbona hawakurudi kumwambia kwa midomo yao? Kuomba walijua njia. Nao wale vijana, mmoja wao akiwa ami mwenyewe, hawakuwa na la kusema.

Ndiyo maana katika maisha yote ya Ngala mimi napendelea kukaa kwenye ile 1957, ingawa vitabu vinaiharakisha kufika Lancaster. Mwaka ule mgombea alizunguka Pwani ambamo watu wengi aliokutana nao vivukoni na majiani hawakuwa na uwezo wa kumpa wala kumnyima chochote. Na bado hao ndio waliompa mambo ya kusema. Madai ya ardhi aliyoyabeba miaka yote iliyofuata, hofu ya Pwani kumezwa, hata hayo majimbo yenyewe, hayakuanzia kwa walimu wa kura tatu peke yao. Mwalimu alikuwa na mshahara, shamba halikuwa kilio chake cha kwanza. Yalianzia kwa kina babu.

Baadaye alikuwa waziri katika serikali ya Kenyatta, na bado akiwa waziri alipata ajali ya gari katika barabara ya Nairobi na Mombasa mwezi Desemba 1972. Alifariki siku ya Krismasi, tarehe 25. Ilisemwa kwamba nyuki waliingia garini. Pwani maneno ya nyuki hayakuwaridhisha wengi, na ukikaa na wazee wa Kaloleni hata sasa utayasikia yakirudiwa kwa sauti ya chini. Nairobi walimpa barabara, na makanga wanalitaja jina lake kutwa nzima pasipo kujua wanamtaja nani. Babu alikuwa ameshatangulia. Ami alivaa kanzu yake ya siku kubwa, japo alikuwa Mkristo, akenda kusimama na umati uliokwenda kumlilia.

Sasa mpwa wangu. Wewe ni kijana mzuri, una digrii, na unajua kutumia simu kuliko mimi. Orodha nimekuandikia. Zimo nyumba mia tatu na kumi na mbili, na ukizihesabu utaona nimechanganya zenye kura na zisizo nazo, na sikuweka alama. Usiniulize ni zipi. Ukitaka kujua itabidi uingie uamkie, ukae, uulize mwenyewe kwa nini vijana wawili waliozaliwa hapa, na mama yao amezaliwa hapa, hawana vitambulisho. Pengine ukishajua utakuwa na jambo la kusema jukwaani mbali na jina lako. Nimesikia mwenzako mmoja, jina nalihifadhi, akisema asiye na kitambulisho si mtu wa wadi. Babu yangu naye kwa serikali ya 1957 hakuwa mtu wa Pwani, na kijiji kizima kilimpelekea kesi zake.

Nyumba ya kwanza kwenye orodha ni ya yule bibi wa chini ya mwembe. Nilikwenda kwake mwaka uliofuata uchaguzi, peke yangu, bila fulana ya mtu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akautandika mkeka uleule. Aliniuliza yule mtu wenu alipita? Nikamwambia hapana, alishindwa kwa kura tisini na tatu. Akasema pole, kisha akanyamaza, kisha akaanza kuniuliza habari za ukoo wangu mpaka akampata mtu anayemjua. Mjukuu mmoja alikuwa amepata kitambulisho wiki mbili nyuma. Mwingine bado.

Tutaanzia hapo Jumamosi, kabla jua halijawa kali. Njoo kwa miguu, barabara ile magari hayapiti vizuri. Beba sukari kilo moja na majani ya chai, mgeni haendi mikono mitupu, na fulana zenye picha yako ziache nyumbani. Na usinipangie nyumba ya pili kabla ya saa nne, maana bibi yule ana maneno.